Metali Ndani ya Picha: Safari ya Kitaaluma ya Mkemia Paul Lauterbur na Kemia ya Dawa za Kontrasti katika Kipimo cha MRI

IKISIRI

Makala hii inafafanua safari ya kitaaluma ya Paul Lauterbur (1929–2007), mkemia wa Marekani aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba mwaka 2003 pamoja na mwanafizikia wa Uingereza, Peter Mansfield. Maelezo mengi kumhusu yanamtaja kama mvumbuzi wa mbinu ya kupata picha kwa kutumia mteremko wa uga sumaku, na kuzifanya kampaundi changamano za metali zionekane kuwa nyongeza iliyoletwa baadaye na viwanda vya dawa. Makala inaonesha kwamba metali ilikuwamo katika jaribio la kwanza kabisa na kwamba iliendelea kushughulikiwa katika maabara zake hadi miaka ya 1990. Aidha, inafafanua sharti la kikemia linaloziongoza dawa hizo, yaani kuishika metali kwa nguvu huku ikiachiwa nafasi ya kukutana na maji, na inaeleza yaliyowapata wagonjwa wa figo pale ambapo mshiko huo haukutosha.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa anayelazwa ndani ya mashine ya MRI mara nyingi huchomwa sindano ya mmumunyo usio na rangi kabla ya sehemu ya mwisho ya kipimo. Wahudumu huuita dawa ya kontrasti. Ndani ya mmumunyo huo mna gadolini, elementi ya kundi la lanthanidi ambayo haina kazi yoyote inayojulikana katika mwili wa binadamu na ambayo, ikiwa huru, ni sumu. Kwa dozi ya kawaida ya milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, mtu mwenye kilo 60 hupokea takribani gramu moja ya metali hiyo kwa mara moja. Kiasi hicho si kidogo. Kinachomlinda mgonjwa ni molekuli moja ya kikaboni iliyoizunguka kila ioni ya gadolini, na muda ambao molekuli hiyo itaendelea kuishika.

Swali la namna ya kuishika metali ni swali la mkemia. Hata hivyo, historia ya MRI imezoeleka kusimuliwa kama historia ya fizikia na uhandisi: sumaku kubwa, koili, kompyuta na hesabu za kubadili ishara kuwa picha. Katika masimulizi hayo Lauterbur hutajwa kwa jambo moja alilolifanya kati ya mwaka 1971 na 1973, kisha huachwa. Makala hii inamtazama kwa upana zaidi, kwa kuwa mtu huyu alisomea kemia, alifundisha kemia, na hata fikra iliyompatia umaarufu ilizaliwa kutokana na mazoea ya mkemia.

Jambo moja la istilahi linahitaji kutangulizwa. Neno "resonansi" linatumika hapa kwa maana ya hali ambapo kiini cha atomu, kikiwa ndani ya uga sumaku, hupokea nishati ya mawimbi ya redio kwa frikwensi mahususi. Baadhi ya maandishi ya Kiswahili hutumia "mwangwi". Neno hilo ni zuri, lakini katika taaluma hii kuna mbinu zinazotegemea mwangwi halisi wa ishara, na kulitumia kwa dhana zote mbili kungeleta mkanganyiko. "Muda wa kurejea", wenye alama T1, ni muda ambao viini vilivyosukumwa na mawimbi hayo huhitaji ili kurudi katika mpangilio wao wa awali. "Ligandi" ni molekuli au ioni inayojifunga kwenye metali, na muungano wa metali na ligandi zake ndio unaoitwa kampaundi changamano.

2.0 Mkemia wa silikoni na kaboni

Lauterbur alizaliwa tarehe 6 Mei 1929 katika mji wa Sidney, jimbo la Ohio. Alipata shahada ya kwanza ya kemia mwaka 1951 katika Case Institute of Technology, Cleveland, kisha akaajiriwa katika Mellon Institute huko Pittsburgh, ambako alishughulikia kemia ya silikoni. Alipoitwa kulitumikia jeshi alipangiwa kituo cha kemia cha Edgewood, Maryland, na huko akakutana na chombo ambacho wakati huo kilikuwa bado adimu: mashine ya resonansi ya sumaku ya viini. Resonansi hiyo ilikuwa imegunduliwa katika maada za kawaida mwaka 1946 na makundi mawili ya wanafizikia, la Felix Bloch na la Edward Purcell. Kwa wanafizikia ilikuwa njia ya kupima sifa za kiini. Wakemia walipoipokea waliigeuza kuwa njia ya kuzitambua molekuli, kwa sababu frikwensi ya kiini hubadilika kidogo kulingana na atomu zinazokizunguka.

Baada ya jeshi alirudi Pittsburgh, na mwaka 1957 akachapisha moja ya kazi za mwanzo kabisa kuhusu spektra za kaboni-13. Uzito wa kazi hiyo unaeleweka ikikumbukwa kwamba isotopu hiyo ni takribani asilimia 1.1 tu ya kaboni yote ya asili, na kwa hiyo ishara yake ni dhaifu mno. Alifanya vilevile kazi juu ya silikoni-29. Alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1962, akiwa tayari mtafiti mwenye jina, na mwaka uliofuata akahamia Stony Brook, New York, kufundisha kemia.

Miaka hiyo inapitwa haraka na waandishi wengi, lakini ina jambo linaloeleza yaliyofuata. Mkemia anayefanya kazi ya resonansi huutumia muda mwingi kuusawazisha uga sumaku. Uga usipokuwa sawa katika sampuli nzima, mistari ya spektra hutanuka na kuingiliana, na taarifa hupotea. Kutokuwa sawa kwa uga lilikuwa tatizo la kila siku, kosa la kuondolewa kabla kazi haijaanza. Aliyehangaika nalo kwa miaka zaidi ya 15 alifahamu vizuri kuliko wengine kile ambacho kosa hilo huifanyia ishara.

3.0 Mirija miwili ya maji

Mwaka 1971 Raymond Damadian, daktari wa New York, alichapisha matokeo yanayoonesha kwamba muda wa kurejea wa maji katika vivimbe vya panya ulikuwa mrefu kuliko katika tishu zenye afya. Majira ya joto ya mwaka huo Lauterbur alikuwa akisimamia kampuni ndogo ya vifaa vya resonansi karibu na Pittsburgh, na hapo alimshuhudia mtafiti mgeni akirudia vipimo vya aina hiyo. Panya waliuawa, tishu zikakatwa, zikatiwa ndani ya mirija na kupimwa. Tofauti kati ya tishu zilionekana waziwazi. Lauterbur hakuridhishwa na mambo mawili. Kwanza, namba peke yake haikutosha kutambua ugonjwa, kwa kuwa tishu nyingi zenye afya nazo hutofautiana. Pili, ikiwa ni lazima kuikata tishu ili kuipima, daktari ana darubini tayari.

Swali likawa namna ya kujua ishara inatoka sehemu gani ya mwili bila kukata chochote. Jibu lilimjia tarehe 2 Septemba 1971, akiwa mezani katika mkahawa wa kawaida. Frikwensi ya kiini hutegemea nguvu ya uga mahali kilipo. Basi uga ukifanywa kwa makusudi kuwa dhaifu upande mmoja na wenye nguvu upande mwingine, kila mahali patakuwa na frikwensi yake. Kosa ambalo wakemia walilikimbia likawa kipimo cha mahali. Mteremko mmoja hutoa kivuli cha kitu kwa upande mmoja tu. Ukigeuzwa pembe mbalimbali hutoa vivuli vingi, na kutokana na vivuli hivyo picha yenye pande mbili inaweza kukokotolewa. Aliyaandika hayo katika daftari na kumwomba mwenzake atie saini kama shahidi.

Makala yake ilitoka katika jarida la Nature tarehe 16 Machi 1973, baada ya kukataliwa mara ya kwanza. Kilichopigwa picha ndani yake kilikuwa mirija miwili myembamba ya maji ya kawaida, kila mmoja wenye kipenyo cha ndani cha milimita 1, ikiwa imesimamishwa ndani ya mrija mkubwa zaidi wenye maji mazito. Vivuli vinne, vilivyotofautiana kwa nyuzi 45, vilitosha kuonesha mabaka mawili. Mbinu yenyewe aliipa jina zeugmatografia, kutokana na neno la Kigiriki linalohusiana na nira, kwa kuwa nyuga mbili, ule wenye mteremko na ule wa mawimbi ya redio, zilifungwa pamoja ili zifanye kazi moja. Jina halikudumu. Picha ilidumu.

Makala hiyo fupi ina sehemu ya pili ambayo husomwa kwa nadra. Lauterbur aliirudia picha ile huku mrija mmoja ukiwa na maji safi na mwingine ukiwa na mmumunyo hafifu wa salfati ya manganisi. Kwa mawimbi dhaifu ya redio mirija yote miwili ilionekana karibu sawa. Mawimbi yalipoongezwa nguvu, ishara ya maji safi ilififia, kwa kuwa viini vyake vilisukumwa upesi kuliko vilivyoweza kurejea. Ishara ya mrija wenye manganisi ilibaki. Ioni ya manganisi ina elektroni tano zisizo na wenza, na kila moja ni sumaku ndogo yenye nguvu iliyo mara mamia ya ile ya protoni. Molekuli za maji zinazopita karibu nayo huchochewa kurejea haraka.

Kwa nini manganisi? Kwa mkemia wa resonansi hilo halikuwa jambo la kuwaza sana. Tangu mwaka 1948 Bloch na wenzake walikuwa wametumia naitrati ya chuma kuharakisha kurejea kwa protoni za maji, na nadharia ya jambo hilo ilikuwa imewekwa na Ionel Solomon na Nicolaas Bloembergen katika miaka ya 1950. Chumvi za metali za aina hiyo zilikuwa rafuni katika kila maabara. Lauterbur alizitumia kuiga tofauti ya tishu mbili. Lakini alichokionesha, kwa kujua au kutojua, ni kitu kipana zaidi: kwamba tofauti ndani ya picha inaweza kutiwa kutoka nje, kwa kuongeza metali. Makala hii inaona kwamba dawa ya kontrasti na picha ya MRI vilizaliwa katika kurasa zilezile mbili.

Hapa pia ndipo penye mzozo wa nani alistahili nini. Damadian alitangulia kuonesha kwamba tishu hutofautiana, na mwaka 2003 alinunua nafasi katika magazeti makubwa kulalamikia kuachwa kwake katika tuzo. Tofauti ya tishu na picha ya mahali ni mambo mawili, na makala ya 1973 ndiyo iliyoleta la pili. Mansfield, kwa upande wake, aliipa mbinu hiyo hesabu na kasi iliyoifanya itumike hospitalini.

4.0 Manganisi katika moyo wa mbwa

Baada ya mirija vikaja viumbe. Kombe mdogo kutoka ufukweni, kisha panya hai mwaka 1974. Picha zilikuwa na ukungu na zilichukua muda mrefu, lakini zilitosha kuthibitisha kwamba njia inafanya kazi.

Mwaka 1978 Lauterbur, Maria Helena Mendonça-Dias na Andrew Rudin walichapisha kazi ambayo leo huhesabiwa kuwa mwanzo wa dawa za kontrasti za MRI. Mbwa waliozibwa mshipa mmoja wa damu ya moyo walidungwa chumvi ya manganisi. Tishu zilipopimwa baadaye, misuli ya moyo iliyokuwa ikipata damu ilikuwa na muda wa kurejea uliofupishwa, na sehemu iliyokosa damu haikufupishwa kwa kiasi hicho. Ioni ya manganisi huingia katika seli za moyo kupitia njia za kalisi. Seli zisizofikiwa na damu haziwezi kuipokea. Kwa hiyo metali iliieleza hali ya uhai wa tishu, jambo ambalo umbo pekee halingeweza kulionesha.

Ugumu ulikuwa uleule uliokuwa faida. Ioni inayoingia kwa urahisi katika njia za kalisi huweza pia kuuvuruga moyo unaozitegemea njia hizo, na manganisi ikizidi kwa muda mrefu hudhuru ubongo, kama inavyofahamika kwa wachimbaji wa madini hayo. Chumvi tupu ya metali haikuweza kuwa dawa. Mwaka 1981 watafiti wa Uingereza walimnywesha mtu kloridi ya chuma ili tumbo lionekane vizuri, lakini kunywa si kudungwa kwenye mshipa. Ilihitajika ligandi.

5.0 Gadolini na kiti cha tisa

Miongoni mwa ioni zote za elementi tulivu, gadolini yenye chaji tatu chanya ina mchanganyiko wa sifa usio na mfano: elektroni saba zisizo na wenza, idadi ambayo haipitwi na ioni nyingine ya kawaida, na mwenendo wa elektroni hizo ni wa polepole kiasi cha kuwapa maji nafasi ya kuuhisi. Baadhi ya lanthanidi nyingine zina usumaku mkubwa zaidi, lakini elektroni zake hubadilika upesi mno, na athari yake kwa T1 ni ndogo.

Tatizo la gadolini ni ukubwa wake. Nusukipenyo cha ioni hiyo kinakaribiana na cha kalisi, lakini chaji yake ni kubwa zaidi. Ikiwa huru ndani ya mwili huziba njia za kalisi, hukamatana na fosfati na kutengeneza mashapo, na hubaki kwenye ini na mifupa. Kampuni ya Schering ya Berlin Magharibi ilipoanza kazi hii iliichukua ligandi iitwayo DTPA, ambayo haikuwa ngeni: ilikuwa imetumika kuondoa metali zenye mnunurisho mwilini na kupima utendaji wa figo. Hanns-Joachim Weinmann na wenzake walichapisha sifa za kampaundi hiyo mwaka 1984, mwaka uleule ambao wagonjwa wenye uvimbe wa ubongo walipigwa picha nayo huko London. Mwaka 1988 iliidhinishwa kutumika.

Muundo wake unastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa dawa nyingi za gadolini zilizofuata zimeuiga. Gadolini hupenda kuzungukwa na atomu tisa. DTPA huishika kwa nane: naitrojeni tatu na oksijeni tano. Nafasi ya tisa huachwa wazi, na molekuli moja ya maji huikalia. Maji hayo hayakai. Hutoka na mengine huingia, mara milioni kadhaa kwa sekunde, na kila molekuli inayotoka imekwisha kuguswa na usumaku wa gadolini. Hivyo ioni moja huihudumia halaiki ya molekuli za maji. Kama ligandi ingezijaza nafasi zote tisa, metali ingekuwa salama zaidi lakini ingekaribia kukosa kazi. Kama ingeacha tatu au nne, picha ingeng'aa na mgonjwa angedhurika.

Umbali nao una uzito wake. Athari ya metali kwa protoni hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali kati yao; umbali ukiongezeka maradufu, athari hubaki sehemu moja ya 64. Ndiyo maana mlango wa tisa hauna mbadala. Maji yanayopita nje ya ligandi huguswa pia, ila kwa kiasi kidogo kuliko yale yanayoketi.

6.0 Molekuli inayozunguka polepole

Lauterbur hakuwa mmoja wa waliounda dawa ya Schering. Mwaka 1985 alihamia Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, na kazi zake juu ya kontrasti zilifuata njia nyingine mbili. Ya kwanza, iliyochapishwa pamoja na Mendonça-Dias mwaka 1986, ilitumia chembe ndogo za oksidi ya chuma kwa picha za ini na wengu. Chembe hizo humezwa na seli za ini zinazosafisha damu, na zilipo ishara huzimika. Tishu yenye afya huwa nyeusi, na uvimbe usio na seli hizo hubaki mweupe.

Njia ya pili inaonesha vizuri zaidi fikra ya mkemia. Kampaundi ya gadolini na DTPA ni ndogo, na ndani ya maji huzunguka kwa kasi kubwa sana. Kasi hiyo hailingani na frikwensi ambayo protoni zinaihitaji ili zirejee, na sehemu kubwa ya uwezo wa metali hupotea. Nadharia ya Solomon na Bloembergen inasema wazi: ipunguze kasi ya mzunguko, na athari itaongezeka. Njia ya kuipunguza ni kuifunga kampaundi kwenye kitu kizito.

Mwaka 1994 Erik Wiener, Lauterbur na wenzao walichapisha matokeo ya kuzifunga kampaundi hizo kwenye dendrima, yaani molekuli zinazokua kwa matawi kutoka kitovuni, kizazi baada ya kizazi, kama mbuyu unaotanda pande zote kwa usawa. Dendrima ya kizazi cha sita ilibeba takribani ioni 170 za gadolini, na kila ioni ilifanya kazi karibu mara sita ya ile iliyo ndani ya DTPA pekee. Molekuli kubwa hivyo haivuji upesi kutoka mishipani, na mishipa ya damu ilionekana kwa muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, dendrima hizo hazikufika kwa wagonjwa kama dawa ya kawaida. Sababu yake iko ndani ya faida yake. Kitu kinachokaa mwilini kwa muda mrefu huipa metali muda mrefu wa kuponyoka. Wakati huo hoja hiyo ilijulikana kwa kanuni. Miaka kumi na miwili baadaye ilionekana kwa watu.

7.0 Metali inapoponyoka

Uimara wa kampaundi changamano hupimwa kwa namna mbili zinazochanganywa mara nyingi, hata katika maandishi ya kitaalamu. Ya kwanza ni uthabiti wa msawazo: metali na ligandi vikiachwa mpaka visibadilike tena, ni sehemu gani itakuwa imeungana? Kwa DTPA konstanti yake ni takribani 10 kwa kipeo cha 22. Kwa DOTA, ligandi yenye umbo la pete, ni takribani 10 kwa kipeo cha 25. Kwa ligandi ya gadodiamidi, ambayo ni DTPA iliyobadilishwa mikono miwili ili chaji ya dawa iwe sifuri na mmumunyo usiwe mkali mshipani, ni takribani 10 kwa kipeo cha 17. Namba zote hizo zinaonekana kubwa kupita kiasi cha wasiwasi. Katika uasidi wa damu, ambapo haidrojeni hushindana na metali, tofauti hupungua.

Namna ya pili ni ukaidi wa kikinetiki: kampaundi ikiwekwa mahali ambapo kuna zinki, kalisi na fosfati zinazoigombea, itachukua muda gani kuachana? Hapa umbo ndilo linaloamua. DTPA ni mnyororo. Ncha moja ikilegea, nyingine hufuata. DOTA ni pete iliyoikumbatia metali kutoka pande zote, na ili metali itoke lazima mikono mingi ilegee kwa pamoja. Mgonjwa mwenye figo nzima hutoa nusu ya dawa kwa mkojo ndani ya saa mbili hivi, na hata kampaundi isiyo kaidi haipati muda wa kuvunjika kwa kiasi kikubwa. Kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi, nusu hiyo huweza kuchukua zaidi ya saa 30.

Kuanzia mwaka 1997 madaktari wa Marekani waliona kwa wagonjwa wa figo ugonjwa usiojulikana: ngozi ya miguu na mikono ikawa ngumu kama gome, viungo vikakataa kukunjika, na baadhi ya wagonjwa wakapoteza uwezo wa kutembea. Uliandikwa mwaka 2000 bila chanzo. Mwaka 2006 Thomas Grobner, daktari wa figo nchini Austria, aliuhusisha na dawa za gadolini baada ya kuuona kwa wagonjwa wa kusafishwa damu waliokuwa wamepigwa picha kwa dawa hizo. Chembe za gadolini zilipatikana katika ngozi. Visa vingi vilihusiana na gadodiamidi, yaani kampaundi ya mnyororo yenye uthabiti mdogo kuliko nyingine, kama ambavyo mkemia angetabiri kwa kutazama namba tatu zilizotajwa hapo juu.

Jambo hili linastahili kutazamwa bila huruma. Konstanti hizo hazikuwa siri. Zilikuwa katika majedwali. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mgonjwa asiyekojoa atabaki na dawa mwilini kwa muda gani. Ilichukuliwa kwa miaka mingi kwamba gadolini ni salama zaidi kuliko dawa zenye aidini zinazotumika katika picha za eksirei, na kwa sababu hiyo wagonjwa wa figo walielekezwa kwenye MRI kwa makusudi, wakati mwingine kwa dozi maradufu na zaidi. Waliodhurika ni walewale waliodhaniwa kulindwa.

Mei 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitaka onyo kali liwekwe kwenye dawa zote za kundi hilo. Lauterbur hakuliona, alikuwa amefariki tarehe 27 Machi mwaka huo, nyumbani kwake Urbana, kwa ugonjwa wa figo. Visa vipya vilipungua sana mara wagonjwa walipoanza kuchujwa. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Japani walionesha kwamba hata kwa wagonjwa wenye figo nzima, waliodungwa mara nyingi, baadhi ya sehemu za ndani ya ubongo hung'aa katika picha zisizo na dawa. Mwaka 2017 mamlaka ya Ulaya ilisitisha dawa nyingi za mnyororo na kuziacha zile za pete, isipokuwa kwa matumizi machache kama picha za ini. Madhara ya gadolini hiyo ya ubongoni kwa afya hayajathibitishwa. Kuwapo kwake kumethibitishwa.

8.0 Kurejea kwa manganisi

Matokeo hayo yamewarudisha watafiti kwenye elementi iliyokuwa ndani ya mrija wa mwaka 1973. Manganisi, tofauti na gadolini, ni sehemu ya chakula, na mwili una njia za kuiondoa kupitia ini na nyongo. Kiasi kidogo kikiponyoka, kinaingia katika mfumo unaokifahamu. Dawa moja ya manganisi kwa picha za ini, mangafodipiri, iliwahi kuidhinishwa Marekani mwaka 1997, na baadaye ikaondolewa sokoni.

Ugumu wa kuunda nyingine ni wa kikemia kabisa. Elektroni tano za manganisi zimegawanywa sawasawa katika nafasi zake, moja kwa kila nafasi, na kwa hiyo ioni haipati faida ya ziada ya nishati inapofungwa na ligandi, kama zinavyopata nikeli au shaba. Katika mfululizo wa metali zinazofuatana nayo, kampaundi zake ndizo huwa dhaifu zaidi kwa ligandi ileile, na zinki ya damuni huichukua ligandi hiyo kwa urahisi. Manganisi pia hupenda nafasi sita au saba, si tisa. Ligandi yenye mikono sita hujaza karibu zote na kuacha kimoja tu cha maji ikiwa metali itakubali kuwa na nafasi ya saba. Maabara kadhaa, ikiwamo ile ya Peter Caravan huko Boston, zinafanya kazi na ligandi za aina hiyo, zilizokazwa kwa pete ngumu ili mikono isilegee kwa urahisi, na mlango wa saba ukaachwa wazi kwa ajili ya maji.